Kovu juu ya retina: kama vichocheo vya ukuaji vinazuilika, kwa nini jicho lipasuliwe? Naomba ushauri

Binti Mkubwa (mleta uzi) | Jumatano, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwenye uelewa wa macho anisaidie, usingizi umenikata siku ya tatu leo.

Mama yangu ana kisukari mwaka wa 16 sasa. Jicho la kushoto limeota kovu juu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na madaktari wanataka kumpasua. Nimesoma sana wiki hizi. Nilivyoelewa ni hivi: kisukari kinaziba mishipa midogo ya retina, sehemu zilizokosa oksijeni zinatoa protini inayoitwa VEGF, na protini hiyo ni kichocheo cha kuotesha mishipa mipya. Mishipa hiyo ni dhaifu, inavuja damu, na kila inapotambaa inaota pamoja na nyuzi za kovu.

Sasa kuna sindano zinazonasa hiyo VEGF ndani ya jicho. Swali langu: kama kinacholisha kovu kinajulikana, na kinaweza kuzuiwa, jicho linapasuliwa kwa nini? Kovu likinyimwa kinacholilisha si litanyauka lenyewe? Nimekutana pia na majina ya vichocheo vingine, TGF-beta, PDGF na CTGF. Navyo vina sindano zake?

Naomba majibu ya kitaalamu tafadhali.

Kiti cha Nyuma | saa 2:16 usiku

Hili swali lina alama ngapi? Nimekaa dawati la mwisho nasubiri wenye akili wajibu ninakili.

Mzee Kifimbo | saa 2:24 usiku

Binti, tusizunguke. Kisukari ni nidhamu. Miaka 16 sukari inapanda na kushuka, watoto mpo mnaangalia, leo jicho limefika huku ndiyo mnauliza protini. Mshusheni sukari haraka, hata ndani ya wiki mbili tatu, mtaona jicho linavyotulia. Mwili ukitunzwa hujitibu.

Fundi Saa | saa 2:41 usiku

Pole sana binti. Mimi sina kisukari lakini kovu la retina nalijua, limenikalia jichoni mwaka mzima.

Kazi yangu ni kutengeneza saa za mkono, kwa hiyo jicho la kulia ndilo linalonilisha. Siku moja nikaona vimulimuli pembeni, kesho yake kivuli kikaanza kuteremka kama pazia. Retina ilikuwa imechanika na kubanduka. Nikapasuliwa, wakaweka gesi, nikalala kifudifudi siku nyingi mpaka shingo ikakakamaa. Gesi ilipokuwa inapungua nilikuwa naona mstari unatikisika kama maji ndani ya chupa, juu yake naona, chini yake ukungu, na kila siku mstari unashuka kidogo. Tukashangilia. Wiki ya 6 kivuli kikarudi.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Chini ya retina kuna tabaka la seli zenye rangi, kazi yake kuilisha na kuisafisha. Retina ikichanika, baadhi ya seli hizo hupenya kwenye tundu, zikaelea kwenye ute wa jicho na kutua mahali pasipo pake. Huko zinakutana na hivyo anavyovitaja binti. PDGF inaziita na kuzizidisha. TGF-beta inazigeuza mpaka zinafanana na seli zinazofunga kidonda cha mkononi. Na mnajua kidonda kinavyofunga, ngozi hujikunja na kuvuta kingo. Sasa fikirieni mvuto huo juu ya kitu chenye unene wa robo milimita hivi.

Aliniambia huwapata kama watu 5 hadi 10 kati ya 100 waliobandukwa na retina. Nikamuuliza swali lile lile la binti: hakuna dawa ya kuvizuia? Akajibu zimejaribiwa nyingi, lakini bado hakuna iliyothibitika kiasi cha kuacha kisu. Nikapasuliwa mara ya pili, safari hii wakaweka mafuta ya silikoni. Na hayo mafuta nayo ni habari nyingine, ukiwa nayo namba ya miwani inabadilika kabisa, nilikuwa nashika saa sioni hata mishale. Yakatolewa baada ya miezi 5.

Dada wa Zamu | saa 2:58 usiku

Binti Mkubwa, nimefanya kazi chumba cha upasuaji wa macho miaka 11, upande wa retina. Mimi ni nesi, si daktari, kwa hiyo nitasema ninachokijua tu. Kabla sijakujibu nahitaji mambo manne:

Mama amewahi kupigwa leza kwenye hilo jicho, na alimaliza? Amewahi kuchomwa sindano ya kuzuia VEGF? Kama ndiyo, tarehe ngapi? Na upasuaji umepangwa lini?

Mzee Kifimbo, samahani mzee wangu. Sukari kudhibitiwa ni jambo kubwa, na ungesema "polepole, chini ya daktari wake" ningekuunga mkono. Kuishusha ghafla kwa mtu ambaye retina yake imeshaharibika kunaweza kulizidishia jicho matatizo kwa muda. Tumewaona wagonjwa hao.

Kipepeo88 | saa 3:05 usiku

Kabla ya upasuaji mpeleke kupima miwani kwanza. Baba mdogo wangu walimwambia apasuliwe, kumbe tatizo lilikuwa miwani ya zamani. Watu wanakimbilia kisu mno siku hizi.

Binti Mkubwa | saa 3:11 usiku

Asanteni wote. Fundi Saa, maelezo yako ya seli zinazohama yamenifungua macho, nilikuwa sijui zinatoka tabaka la chini.

Dada wa Zamu, leza alipigwa miaka 3 iliyopita, awamu mbili, ya tatu hakwenda kwa sababu ilimuuma. Najua leza inachoma zile sehemu za pembeni zilizokosa oksijeni ili zisiendelee kutoa VEGF. Ila mimi nilikuwa nauliza zaidi upande wa nadharia. Ukizuia kichocheo, je, kovu lililokwisha kuota linaweza kurudi nyuma?

Dada wa Zamu | saa 3:14 usiku

Umenijibu la leza. Sindano je?

Kiti cha Nyuma | saa 3:15 usiku

Nimeliona hilo pia. Maswali manne, jibu moja.

Binti Mkubwa | saa 3:32 usiku

Sawa. Ndiyo, alichomwa moja. Jumatatu ya wiki iliyopita.

Na upasuaji ulipangwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, siku 4 baadaye. Haukufanyika. Mimi ndiye niliyepiga simu kuuahirisha kwa mwezi mmoja.

Naomba msinihukumu kabla hamjanisikia. Kabla ya sindano mama alikuwa haoni kitu kwa jicho hilo, damu ilikuwa imejaa ndani, anaona wekundu na vipande vyeusi vinaogelea. Alhamisi asubuhi, siku ya tatu, akanisomea saa ya ukutani akiwa kitandani. Alilia, nami nikalia. Sasa niambieni, mtu ameanza kuona, kesho yake nimpeleke akakatwe jicho? Mama mwenyewe anaogopa upasuaji kupita kifo. Nikaona sindano imefanya kazi, tuipe nafasi, ikibidi achomwe ya pili. Sikufanya kwa uzembe, nilisoma kwanza.

Dada wa Zamu | saa 3:55 usiku

Sikuhukumu. Nimewaona watoto wengi wakifanya uamuzi huo huo kwa sababu hiyo hiyo, maana siku tatu za kwanza sindano hiyo inafurahisha kweli. Lakini nisome polepole.

Kovu la kisukari lina vitu viwili ndani yake, mishipa na nyuzi. Mishipa inaitii VEGF. Nyuzi zinaitii zaidi CTGF, na CTGF nayo huchochewa na TGF-beta. Katika ugonjwa mizani inaanza imelalia upande wa VEGF: mishipa mingi, damu, nyuzi kiasi. Kadiri kovu linavyozeeka, au VEGF inapokatwa ghafla, mizani inalalia upande wa CTGF. Sindano aliyopewa mama inanasa VEGF. Haimgusi CTGF.

Kwa hiyo ulichosema ni nusu ya kweli. Mishipa inanyauka, ndiyo, na haraka sana, ndiyo maana damu ilianza kutulia akasoma saa. Nyuzi hazinyauki. Zinabaki, zimeishika retina, na mishipa ikikauka ndani yake zinakaza. Umewahi kuona ngozi mbichi inavyowambwa kwenye ngoma? Inawambwa ikiwa laini, ikikauka ndipo inapovuta. Tofauti ni kwamba huku kinachovutwa ni retina yenyewe.

Sindano ile haikuwa tiba ya kovu. Ilikuwa maandalizi. Daktari huichoma siku chache kabla ili mishipa inywee na akiingia na mkasi jicho lisijae damu. Ni kama kufungua mlango kwa muda mfupi, na tarehe ya Ijumaa ilihesabiwa kutokana na hiyo Jumatatu.

Kuna ripoti ya 2008 kuhusu macho yenye ugonjwa mkali kama huu, yaliyochomwa bevacizumab, moja ya dawa za kuzuia VEGF. Katika sindano 211, macho 11 retina ilivutwa ikabanduka. Wastani ulikuwa siku ya 13. La mapema kabisa siku ya 3, la mwisho siku ya 31. Leo mama yupo siku ya 9. Mwezi ulioahirisha unamaliza kipindi hicho chote.

Sijaliona jicho la mama na siwezi kusema kimetokea. Nasema mpigie daktari kesho asubuhi mlango ukifunguliwa.

Binti Mkubwa | saa 4:09 usiku

Dada yangu, nakushukuru lakini 11 kwa 211 ni kama asilimia 5. Maana yake asilimia 95 haikuwatokea. Kwa nini mama awe kwenye wale 11?

Na hii sayansi yenyewe imeanza kwa kuamini kichocheo. Mwaka 1948 Isaac Michaelson alikisia kwamba retina iliyokosa oksijeni inatoa kitu kinachoenea na kuotesha mishipa. Hakuna aliyejua ni kitu gani. VEGF ikatambuliwa 1989, na 1994 ikapimwa kwenye maji ya macho ya wagonjwa wa kisukari ikaonekana imepanda. Watu wamehangaika zaidi ya miaka 40 kukipata. Kimepatikana, dawa ipo, imechomwa, mgonjwa ameona. Bado tunarudi kwenye mkasi?

Mtazamaji Kimya | saa 4:21 usiku

Huwa nasoma tu siandiki, lakini leo nimeshindwa. Jamani hii ni chai.

Angalieni. Uzi wa kwanza: "madaktari wanataka kumpasua", yaani bado. Baada ya saa moja na nusu: upasuaji ulikuwa Ijumaa iliyopita. Uzi wa kwanza haumtaji mgonjwa kuchomwa sindano, unauliza sindano kama mtu aliyeisikia redioni. Sasa anatupa 1948, 1989, 1994. Mtu ambaye mama yake yuko hatarini anakumbuka mwaka ambao protini ilitambuliwa? Huyu ni mwanafunzi ana kazi ya kuwasilisha, "nafasi ya vichocheo vya ukuaji katika kovu la retina", ameona akiandika kwa huruma mtamfanyia bure. Dada wa Zamu umeshamwandikia kurasa mbili.

Kiti cha Nyuma | saa 4:23 usiku

Nilisema toka mwanzo hili ni swali la mtihani.

Kipepeo88 | saa 4:26 usiku

Hata mimi nilishangaa. Kwanza sindano inayotibu inaharibu vipi? Sijawahi kusikia dawa ya namna hiyo.

Mzee Kifimbo | saa 4:30 usiku

Kama ni ya kutunga ni dhambi, ugonjwa wa mzazi hautungiwi. Kama ni ya kweli basi kuna mtoto amemwamulia mama yake jambo ambalo si lake. Kwa vyovyote kuna kosa.

Fundi Saa | saa 4:38 usiku

Nyie vijana mna haraka. Mimi nilipougua nilimficha mke wangu siku tatu kwamba naona kivuli. Nilikuwa namwambia naumwa kichwa. Mtu akiogopa anaanza kueleza pembeni, ukimsogelea ndipo anataja lenyewe. Mnataka aje na cheti cha hospitali?

Na Kipepeo, dawa inayotibu hili ikaharibu lile mbona ni nyingi. Hata gesi yangu ilikuwa tiba, lakini nilikatazwa kupanda ndege kwa sababu juu angani inatanuka ndani ya jicho.

Mtazamaji Kimya | saa 4:44 usiku

Mzee, heshima yako ipo. Lakini ya kwako ina harufu ya kweli, unasema mishale ya saa, unasema shingo. Ya huyu ina majina ya protini tu. Mama mwenyewe hayumo.

Dada wa Zamu | saa 4:50 usiku

Tusibishane. Kama ni mwanafunzi, nilichoandika ni sahihi na kitamfaa. Kama ni binti wa mgonjwa, usiku huu tunaupoteza kwa mabishano. Jibu langu halibadiliki kwa lolote kati ya hayo mawili.

Binti Mkubwa, achana nao. Mwambie mama afunike jicho la kulia kwa kiganja, asilibonyeze, aangalie kitu chenye mstari ulionyooka. Fremu ya mlango, ukingo wa meza, chochote. Mstari umenyooka au umepinda? Kuna sehemu haionekani? Kisha niambie ukweli, na uniambie lini alianza kuona hivyo kama anaona hivyo.

Binti Mkubwa | saa 5:20 usiku

Sina haja ya kumwamsha. Ninajua tayari.

Mimi nafundisha biolojia sekondari. Ndiyo maana nina hayo majina na hiyo miaka. Nikiogopa nasoma, ni kitu pekee ninachojua kufanya. Na Mtazamaji, umesema mama hayumo, umesema kweli. Nilimwacha nje makusudi kwa sababu nikimwandika nitaandika na hili.

Kitanda chake kinatazama dirisha lenye nondo saba. Jumatatu hii jioni, siku ya 7, alikuwa amefunika jicho zuri kwa kona ya khanga, anajipima mwenyewe kama anavyofanya kila siku tangu asome saa. Akaniita, "Njoo uone, nondo ya tatu imeota nundu." Nikacheka, nikamwambia fundi aliichomelea vibaya. Nikaenda nikaipitisha kidole kutoka juu hadi chini mbele yake kumwonyesha kwamba imenyooka. Akasema, "Hata kidole chako kimepinda kilipofika pale."

Jana akasema nundu imehamia kwenye ya pili na ya tatu, zinakaribiana katikati kama zimebanwa na koleo. Leo mchana hakusema kitu. Nikamuuliza mwenyewe. Akasema chini ya dirisha kushoto kuna giza, akadhani nimeteremsha pazia.

Sikuteremsha pazia.

Nilipofungua huu uzi nilikuwa nataka mtu mmoja tu aniambie kwamba kovu likinyimwa VEGF linanyauka na kwamba nundu ni dalili ya kupona. Nilikuwa nimeshaamua kumpigia daktari Jumatatu ijayo kuomba sindano ya pili.

Mtazamaji Kimya | saa 5:27 usiku

Hapo kwenye kidole narudi nyuma. Nisamehe dada. Mpigie daktari.

Dada wa Zamu | saa 5:31 usiku

Asante kwa kusema. Sasa sikiliza, usingoje Jumatatu. Usiombe sindano ya pili.

Kama hospitali yenu ina namba ya dharura ya macho piga sasa hivi. Kama haina, fika asubuhi kabla hawajafungua. Usiseme "mama haoni vizuri", utapewa foleni ya kawaida. Sema hivi: "Ana kovu la kisukari kwenye retina, alichomwa sindano ya kuzuia VEGF siku 10 zilizopita kabla ya upasuaji, upasuaji haukufanyika, tangu siku ya 7 mistari inapinda na sasa ana giza upande mmoja." Andika kwenye karatasi usome. Taja dawa iliyochomwa na tarehe. Waulize kuhusu kula na dawa zake za sukari kabla hamjatoka, kwa sababu wakiamua kumpasua siku hiyo watahitaji kujua.

Kinachoamua haraka ya upasuaji ni makula, ile sehemu ya katikati ya retina tunayosomea. Mistari kupinda maana yake inavutwa. Ikivutwa ikiwa bado imeshika, kuna cha kuokoa. Ikibanduka, kila siku inahesabika.

Mzee Kifimbo | saa 5:40 usiku

Binti, maneno yangu ya mwanzo yalikuwa makali. Mama apone.

Binti Mkubwa | Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Namba ya usiku haikupokelewa. Tupo nje ya mlango. Karatasi ninayo mkononi.

Binti Mkubwa | Alhamisi, saa 8:05 mchana

Wamemwona. Nilisoma karatasi neno kwa neno, yule dada wa mapokezi aliposikia "siku ya 10" akainuka mwenyewe akaenda ndani.

Wamempiga ultrasaundi ya jicho na picha ya OCT, ile inayoonyesha matabaka ya retina. Daktari alinigeuzia kioo nikaona. Nimefundisha mchoro wa jicho miaka 9, sikuwahi kuona kitu kama kile. Retina ni utepe wa kijivu wenye matabaka, ulitakiwa ulale na bonde dogo katikati. Wa mama umenyanyuliwa kama hema, na juu ya hema kuna mstari mweupe uliokaza. Huo mstari ndio kovu. Nilimwuliza kama ulikuwepo kabla ya sindano. Akasema ulikuwepo, umelegea, na akaniwekea picha ya zamani pembeni. Mstari ule ule, lakini chini yake retina imelala.

Sehemu ya juu imebanduka. Makula imevutwa lakini katikati yake bado imeshika, amesema kwa kiasi kidogo sana. Upasuaji ni kesho Ijumaa asubuhi, wa kwanza kwenye orodha. Ataingia kuondoa ute, kulikata na kulimenya kovu, kumalizia leza iliyobaki, kisha gesi au mafuta, ataamua akiwa ndani. Hakuniahidi kitu. Amesema kovu la leo ni gumu kumenya kuliko lile la wiki iliyopita kwa sababu limekaza.

Nikamweleza mama kila kitu, pamoja na ile simu niliyopiga. Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Wewe ndiye uliyepiga simu, basi wewe ndiye utakayenishika mkono mpaka mlangoni."

Fundi Saa | saa 8:20 mchana

Mshike. Wakiweka gesi au mafuta muulize daktari alale upande gani na kwa siku ngapi, andika, maana ukiwa na woga unasikia nusu. Mimi nililazia paji la uso kwenye taulo lililokunjwa mara nne, katikati wazi nipumulie. Na umsomee. Muda haupiti ukiwa umetazama sakafu.

Dada wa Zamu | saa 8:33 mchana

Nitakuwa zamu kesho, lakini simu nitaiangalia mchana. Tuandikie akitoka, hata neno moja. Na jicho la kulia liangaliwe kesho hiyo hiyo, kisukari hakichagui upande.

Mtazamaji Kimya | saa 8:41 mchana

Nipo nasubiri pia.

Upepo wa Kusi | saa 9:02 alasiri

Poleni na mgonjwa. Samahani kuingilia uzi wa watu, nimesoma wote nikaogopa. Mimi sina kisukari, ila kuna vidoti vyeusi vinaelea kwenye jicho langu la kulia, kama moshi hivi. Ni kitu cha kawaida au?

Dada wa Zamu | saa 9:06 alasiri

Vilianza lini? Usiniambie juzijuzi, nitajie siku. Na kuna mwanga unaomulika pembeni, hasa ukiwa gizani?